Jina Nililompa Karani

Kwetu sisi nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ana ngamia, ana kisima alichochimba na ndugu zake, ana majina ya mababu zake anayoweza kuyataja mpaka asubuhi. Lakini nyumba, ile ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, hushonwa na mama wa bibi harusi pamoja na wanawake wenzake, na siku ya kuhama ni mwanamke anayeivunja, anayeipakia juu ya ngamia na kuisimamisha tena mahali papya. Akiachwa anaondoka nayo, na mume hubaki amesimama mahali peupe. Jambo hili hakuna aliyewahi kulifundisha wala kuliandika. Lilijulikana kama inavyojulikana kwamba mto Tana unakwenda baharini.

Naanza hapa kwa sababu kosa langu lilitokea humo. Wajukuu zangu wamezaliwa katika nyumba za mawe zenye hati na ramani. Nikiwasimulia kosa bila kuwasimulia desturi, hunitazama kama mtu aliyekuwa mpumbavu tu. Mpumbavu nilikuwa, lakini upumbavu haukuwa sababu pekee.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alihamia Garissa mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe wake. Mume wake alibaki nyikani na ngamia. Shangazi alisimamisha nyumba yake ya mikeka katika bula yetu, yaani mtaa wetu, karibu na mto, akaanza kuuza maziwa. Kila alipopata kitu kidogo aliondoa mkeka mmoja na kuweka ukuta. Nguzo alizikata mwenyewe kutoka mikoma ya kando ya mto. Udongo aliukanyaga kwa miguu yake, akachanganya na samadi, akaupiga ukutani kwa kiganja, na alama za vidole vyake zilibaki ndani ya chumba cha nyuma kwa sababu hakuona haja ya kulainisha mahali asipoingia mgeni. Mwisho aliweka mabati. Ilimchukua miaka sita. Nilikuwa kijana, nikampelekea maji siku chache, si nyingi; kazi ilikuwa yake.

Mume wake alikuja mara mbili kwa mwaka. Alisimama nje, akakohoa kama mgeni, akauliza, "Mwenye nyumba yupo?"

"Yupo," shangazi alijibu kutoka ndani, "lakini leo hapokei watu wanaonuka ngamia."

"Basi nitalala na ngamia. Wao hawana masharti."

"Wao hawana chai."

Hapo alivua viatu na kuingia. Bula nzima ilizoea mazungumzo hayo, na watoto walikuja kusikiliza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Baba yangu alinipeleka pwani kusoma kwa shehe mmoja, na huko, pamoja na elimu ya dini, nikapata Kiswahili. Niliporudi nikawa mdomo wa bula katika ofisi. Mtu akitaka kibali, akiitwa polisi, akiumwa na kupelekwa hospitali, aliniita. Nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa, namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Miezi michache kabla ya bendera mpya kupandishwa, likatoka tangazo kwamba kila mwenye nyumba mjini achukue hati ya kiwanja. Ardhi ilikuwa ya serikali. Hati haikukufanya mwenye ardhi. Ilikuruhusu kukaa juu yake mwaka hadi mwaka, na nyumba uliyojenga ilihesabiwa yako maadamu hati ni yako. Mwenye hati asipoonekana, hati hufutwa, na kiwanja hurudi serikalini pamoja na kila kilichosimama juu yake. Maneno hayo yalikuwa yamechapwa nyuma ya karatasi. Niliyasoma siku ile ile. Niliyaelewa. Sikufikiri yanatuhusu.

Nilikwenda na shangazi. Yeye alibaki nje kivulini na wanawake wengine, nami nikaingia katika foleni ya wanaume. Karani alikuwa mtu wa bara, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Jina la mwenye kiwanja?"

Nikampa majina matatu ya mume wa shangazi yangu.

Karani alisimamisha kalamu. "Huyu ni nani kwako, mwalimu?"

"Mume wa shangazi yangu."

"Anakaa humo?"

"Yuko na ngamia."

"Anayekaa ni nani?"

"Shangazi."

"Aliyejenga?"

"Shangazi."

"Basi nimwandike yeye. Kitabu hiki hakichagui mwanamume wala mwanamke."

Nyuma yangu walisimama wazee wanne wa bula. Nilisikia mmoja wao akisafisha koo. Kulitaja jina la mwanamke kama mwenye mali, mbele ya wanaume, na mumewe yu hai, niliona ni kama kutangaza kwamba mumewe si mtu. "Andika mzee," nikasema. "Kwetu, mzee akiwa hai, si adabu."

"Hata kwetu," karani alisema. "Lakini mimi naandika nyumba, siandiki adabu."

"Andika mzee."

Akaandika.

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi, na kila mara naona jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Mtu wa dini nyingine, wa kabila jingine, mgeni katika mji wetu, aliniuliza maswali manne ya haki, nami nikayajibu yote manne kwa ukweli, kisha nikaandikisha uongo. Sikuuona kuwa uongo. Kwetu jina la mume lilikuwa kama nguo ya kutokea mbele za watu. Nyumba yenyewe ilijulikana ni ya nani. Nilidhani karatasi ni neno tu la kuwaridhisha wenye ofisi, na kwamba jambo linalojulikana na watu wote haliwezi kuondolewa na karatasi inayojulikana na mtu mmoja.

Nje, shangazi aliniuliza, "Eddo, umemwandika nani?" Eddo ni shangazi kwa lugha yetu, na kwa desturi shangazi naye humwita mtoto wa kaka yake kwa neno lilo hilo.

"Mzee."

Alicheka mpaka akashika kibuyu chake cha maziwa kisimwagike. "Yule? Ungeandika ngamia wake. Ngamia angalau hurudi kunywa maji."

Tulirudi nyumbani. Alikunja ile hati, akaitia katika sanduku la nguo zake, na tukaisahau.

Kisha vikaja vita. Sitaki kusimulia vita. Wapo waliokwisha kusimulia, na kila mmoja aliona upande wake. Nitasema tu yale yaliyogusa nyumba ile. Barabara zikawa za misafara ya askari. Ukatakiwa kibali kwenda mahali ulipokuwa ukienda kuchota maji. Baadaye ikatoka amri kwamba watu wa nyikani waingie katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, wao na mifugo yao, na atakayekutwa nje atahesabiwa kuwa pamoja na shifta, wale waasi waliopigana na serikali. Mume wa shangazi alikuwa ameondoka zamani kufuata malisho. Mtu wa mwisho kumwona alimwona upande wa Hadado, mbali kaskazini. Hatukujua kama amri ilimfika. Hatukujua kama yu hai. Shangazi aliendelea kuuza maziwa, machache, kwa maana mifugo iliyofungiwa ilikonda, naye alimuuliza kila mtu aliyetoka kaskazini swali moja tu, kama amemwona mumewe.

Ijumaa moja, baada ya sala, askari wa utawala alinipa karatasi niisome kwa watu katika lugha yetu. Nilifanya hivyo mara kwa mara. Nilianza kusoma bila kuitazama kwanza. Ilisema kwamba wenye hati za viwanja wote wafike ofisini wao wenyewe, na hati zao, katika muda wa mwezi mmoja. Asiyefika kwa sababu yuko nje ya vijiji vilivyowekwa, hati yake itafutwa na kiwanja kitapewa mtu mwingine. Nilikuwa nimefika katikati, na sauti yangu imejaa msikiti, nilipotambua ninachokisoma. Nikamaliza. Watu wakatawanyika kwa haraka, kama walivyozoea siku hizo.

Shangazi alikuwa amekwisha kusikia nilipofika kwake. Alikuwa ametoa ile hati sandukuni na kuiweka juu ya mkeka.

"Inasema nini hii?"

"Inasema ni ya mzee."

"Na mzee hayupo."

"Hayupo."

"Basi kesho twende tuwaambie ni yangu. Ni maneno mafupi."

Kweli yalikuwa mafupi.

Yule karani wa miwani alikuwa amehamishwa. Aliyebaki anayejua nini kilisemwa siku ile, kwa Kiswahili, mbele ya kitabu, nilikuwa mimi. Wale wazee wanne hawakujua lugha, na wawili wao walikuwa wamekwisha kufariki.

Afisa aliyeketi kusikiliza mashauri ya viwanja alikuwa kijana wa bara, amechoka, mwenye kikohozi cha vumbi. Mlangoni alisimama askari na bunduki. Shangazi aliketi juu ya benchi, mimi nikasimama kando yake kutafsiri.

"Mwenye hati yuko wapi?"

Nikatafsiri. Shangazi akasema, "Mwambie mwenye nyumba ni mimi, na mimi niko hapa mbele yake. Aliyeandikwa ni mume wangu. Amekwenda na ngamia kabla ya amri. Hajawahi kupiga hata msumari katika nyumba ile."

Nilitafsiri kila neno, hata msumari. Afisa alitabasamu kidogo, akatazama kitabu.

"Mama, mimi nakusikia. Lakini hapa pameandikwa jina la mtu aliye nje ya seng'enge. Nikisema nyumba ni yako kwa sababu umesema, kesho kila mke wa shifta atasema hivyo. Yuko mtu anayeweza kuthibitisha kwamba jina hili liliandikwa kwa makosa? Mtu aliyekuwepo?"

Nikatafsiri. Shangazi akageuka akanitazama, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi.

"Eddo," alisema, "si ulikuwepo wewe? Mwambie wewe ndiye uliyelitaja jina."

Sasa nitaandika nilichokifanya bila kukipamba. Nilimtazama yule askari mlangoni. Nikafikiri: wakijua kwamba nililipa serikali jina lisilo la kweli, nalo ni jina la mtu anayehesabiwa shifta, watauliza kwa nini nililificha jina la mwenye nyumba na kulitoa la shifta. Wiki ile walikuwa wamemchukua jirani yetu mwenye duka kwa ajili ya kibali kilichopitwa na siku mbili. Nilikuwa na mke mwenye mimba. Nilikuwa na chuo, na chuo kilihitaji ruhusa yao.

Nikamgeukia afisa, nikasema, "Anaomba apewe wiki moja."

Afisa akaandika. "Wiki moja. Si zaidi."

Shangazi aliinuka, akajifunga ushungi vizuri, tukatoka. Njiani nilimwambia wamempa wiki. Akasema, "Wiki ni nzuri." Nikadhani nimeokoka.

Siku ya pili nilikwenda kwa kadhi. Alikuwa mzee mpole, aliyepata kumfundisha baba yangu. Nilimwomba aandike barua kwamba kwa sheria na kwa desturi nyumba ile ni ya shangazi. Nilitaka barua ile izungumze mahali pangu.

"Mimi nilikuwepo ilipojengwa?" aliniuliza.

"Hapana, shehe."

"Nilikuwepo ilipoandikishwa?"

"Hapana."

"Nani alikuwepo?"

Nilirudia kwamba bula nzima inajua nyumba ni ya nani.

"Basi unakuja kuazima ushahidi kwangu, na wako uko mfukoni," alisema. Alinimiminia chai. "Kijana wangu, sisi tumefundishwa kwamba ushahidi ni amana. Mwenye amana haulizwi kama anaogopa. Kila mtu anaogopa. Nami naogopa kwenda sokoni. Anaulizwa kama ameirudisha. Kunywa chai, kisha nenda ukaseme."

Nilikunywa. Nilimwahidi. Nilitoka pale nikiwa na nia safi, namshuhudisha Mwenyezi Mungu, na nia ile ilidumu mpaka kona ya kwanza, mahali lori la askari lilipokuwa limesimama.

Siku zilizobaki zilipita katika kazi ndogo ndogo. Nilirekebisha paa la chuo. Nilikwenda kumjulia hali mgonjwa. Kila siku niliitunga ile sentensi ya Kiswahili kichwani, nikaipanga, nikaondoa neno moja na kuweka jingine, kana kwamba tatizo lilikuwa Kiswahili.

Siku ya saba tulikwenda. Afisa yule yule, askari mwingine.

"Mume amerudi?"

"Hapana," nilijibu mwenyewe.

"Shahidi amepatikana?"

Nilimtafsiria shangazi. Safari hii hakunigeukia. Alitazama mikono yake mwenyewe iliyolala juu ya magoti, na afisa alingoja. Alingoja muda mrefu. Sijui alikuwa akimngoja nani kati yetu.

"Hakuna," nikasema.

Akaandika.

Tulipewa siku tatu kutoa vitu. Kiwanja kilipewa mfanyabiashara mmoja wa mji, mtu mwema, aliyeomba kwa njia ya halali na ambaye hakujua lolote. Alimruhusu shangazi achukue chochote anachoweza kubeba, hata mabati. Shangazi alisema mabati yakiondolewa, kuta zitakufa mvua ya kwanza, naye hakuzijenga ili zife. Alichukua sanduku, vibuyu, na chungu cha ubani.

Nilimwambia aje kwangu. Tulikuwa na chumba. Alikataa. "Ile ni nyumba ya mke wako. Mwanamke hakai katika nyumba ya mwanamke mwenzake ila awe mgeni, na mimi sijui nitakaa siku ngapi." Aliomba kona ya ua. Wanawake wa bula walikuja na fito na mikeka ya kuazima, na kabla ya adhuhuri alikuwa na nyumba, ile ya kale, ya mviringo, inayofikia kifua cha mtu mzima. Nilitoka kwenda kusalisha adhuhuri, nikapita mbele yake. Nikapita mbele yake kila sala, mara tano kwa siku, muda wa miaka miwili. Nilimpelekea tende. Nilimpelekea sukari ilipopatikana. Alishukuru kila mara, akanibariki, na kila baraka iliniingia kama mwiba wa mgunga.

Vita vilipokwisha, mume wake alirudi. Alikuja na ngamia watatu na mguu mmoja unaoburutwa. Alikuwa amekaa kwa watu mbali kaskazini, amefungiwa katika kijiji kimoja cha seng'enge, halali kabisa, jina lake limeandikwa huko. Kama mtu angeuliza huko wangemwambia. Hakuna aliyeuliza, na sisi hatukuwa na njia.

Alisimama uani, akakohoa mbele ya ile nyumba ya mikeka, akauliza, "Mwenye nyumba yupo?" Shangazi akatoka, akamtazama mguu, akamwingiza ndani bila utani wowote.

Kesho yake aliniita. "Wananiambia mimi ndiye niliyepoteza nyumba," alisema. "Nimepoteza ngamia hamsini, nawajua kwa majina. Nyumba sikuwa nayo. Mbona uliniandika mimi?"

"Kwa heshima, mzee."

"Heshima." Alilitafuna neno lile. "Mimi nyumba yangu ni kivuli cha ngamia. Ungeniheshimu kwa kuniacha hapo."

Hapo ndipo nilipoandika rufani. Niliandika yote: maswali ya karani, majibu yangu, kwamba mimi ndiye niliyelitaja jina, kwamba niliulizwa nikaficha. Vita vilikuwa vimekwisha, na ukweli ulikuwa umekuwa rahisi. Sijidai sifa yoyote kwa hilo. Tulikwenda mimi na yule mzee. Afisa mpya aliisoma barua, akaagiza jalada. Alilifungua mbele yetu, na kwa kuwa nilijua kusoma, nilisoma nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza.

Yule afisa wa kikohozi alikuwa ameandika: *Mwanamke huyu anaonekana kusema kweli. Akipatikana shahidi mmoja, hati ibadilishwe iwe kwa jina lake.* Na chini yake, siku saba baadaye: *Mkalimani asema hakuna shahidi.*

"Mkalimani huyu alikuwa nani?" afisa mpya aliuliza.

"Mimi."

Alivua kofia, akaiweka mezani. Hakunikaripia. Alieleza kwa upole kwamba muda wa rufani ulikwisha kupita, na kwamba yule mfanyabiashara alikuwa ameuza, kwa hati safi, kwa mtu mwingine aliyenunua akiamini anachonunua. Sheria isingemtoa mtu huyo katika nyumba yake kwa ajili ya kosa lisilo lake. "Mngekuja na barua hii ndani ya ile wiki," alisema, "isingehitaji hata kuwa barua."

Tulirudi kwa miguu. Yule mzee aliburuta mguu wake mpaka ua wetu.

Jioni ile, kabla ya magharibi, nilimkuta shangazi akisuka mkeka nje. Niliketi chini mbele yake, mavumbini, nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile ya kwanza hakuomba wiki moja, ni mimi niliyeomba. Nilimwambia jalada lilivyosema.

Hakuacha kusuka. "Eddo, najua."

"Unajua nini?"

"Mimi nauza maziwa. Wateja wangu wote wa bara huniambia, 'wiki ijayo, mama.' Wiki ni neno la kwanza la Kiswahili nililojifunza."

Nikauliza kwa nini hakunisema pale pale.

"Nikusute mbele ya bunduki? Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Nyumba hujengwa tena." Alivuta uzi wa mkoma, akaukata kwa meno. "Nilikungoja. Nilisema, ameogopa leo, siku ya saba atasema. Siku ya saba ukasema hakuna. Nikasema basi, ataniambia akifika nyumbani. Ukaniletea tende. Miaka miwili, Eddo, unaniletea tende."

Nililia. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa chuo, na watoto wa bula walikuwa wakipita.

"Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Si hilo. Mimi nataka kitu kingine. Nyumba ile ilikuwa yangu. Hakuna mahali popote ilipoandikwa hivyo. Kwa mzee imeandikwa, kwa tajiri imeandikwa, kwa huyu wa sasa imeandikwa. Kamlete kadhi na mtu mwingine mmoja, uandike."

"Hakuna ofisi itakayoipokea, Eddo."

"Sikusema uipeleke ofisini."

Siku ya tatu kadhi alikuja, amezeeka sana, akiongozwa na mume wa shangazi, na hao wawili wakawa mashahidi. Niliandika kwa lugha yetu, kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wangu bora kabisa. Niliandika kwamba nyumba iliyo karibu na mto, yenye vyumba viwili, jiko na baraza, ilijengwa na kumilikiwa na mwanamke fulani binti fulani, kwa mikono yake na mali yake, na kwamba mimi, fulani bin fulani, nililitaja jina jingine mbele ya karani bila haki, kisha nikaficha ushahidi nilipoulizwa mara mbili. Kadhi alinitaka niweke *mara mbili*. Nilikuwa nimeiruka.

Kisha niliwasomea kwa sauti. Shangazi alisikiliza macho yamefumbwa, akitingisha kichwa kila mstari: mipaka, mlango uelekeao kibla, chumba cha nyuma. Nilipofika kwenye baraza alifumbua macho.

"Umesema nguzo ngapi?"

"Saba."

"Nane. Moja imeingia ndani ya ukuta wa jiko, huioni ukiwa nje." Alinisukumia kidau cha wino. "Futa. Andika nane."